Unga wa Critical Care kwa sungura mgonjwa wa meno: mzuri, mradi usiugeuze chakula cha kila siku

Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Magego yakiota ncha, za chini huchoma ulimi, za juu hukwaruza mashavu, naye hugoma kula. Saa 12 bila chakula zinatosha utumbo kuanza kusimama. Kwa dharura hiyo, na siku chache baada ya kusagwa meno, unga huu wa kampuni ya Oxbow, unaokorogwa uji wa kumlisha mnyama asiyekula, ni chaguo letu la kwanza.

Changanya kipimo 1 cha unga na 2 vya maji ya uvuguvugu, kisha ungoje kidogo: nyuzi hufura na uji hukaza, kwa hiyo huenda ukaongeza maji. Kadiria vijiko 3 vya chakula vya unga mkavu kwa kila kilo ya uzito kwa siku, vikigawanywa mara 4 hadi 6. Sungura wa kilo 2 asiyekula kabisa atamaliza 6. Uji uliobaki uweke kwenye friji, na usipitishe siku moja.

Kasoro yake ni chembe nene zinazoziba bomba jembamba la sindano. Tumia lenye mdomo mpana, au nunua aina iliyosagwa laini. Usichuje! Ukichuja unatupa nyuzi, na ndizo zinazosukuma utumbo.

Mfunge kwa taulo akiwa amekaa kwa miguu yake, kamwe si chali, uji usije ukaingia mapafuni. Ingiza bomba pembeni mwa mdomo, kwenye pengo nyuma ya meno ya mbele. Toa mililita 1, angoje ameze. Tumbo likiwa gumu na limejaa, usimlishe: huenda utumbo umeziba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Tunachopinga ni kumlisha uji huu miezi mizima huku nyasi kavu zikisahaulika. Uji hausagi meno. Nyasi ndefu ndizo zinazofanya taya liende kushoto na kulia. Ziache mbele yake daima, hata akidonoa tu. Mpime uzito kila wiki: ukishuka ilhali anameza uji wote, shuku ncha zilizorudi au jipu kwenye mzizi, na hapo inatakiwa eksirei. Meno ya mbele usiyakate kwa kikata kucha, maana jino hupasuka hadi mzizini. Yakikua vibaya kila mara, muulize daktari kuhusu kuyang'oa yote 6. Sungura huzoea kuokota chakula kwa midomo, ila mboga zikatwe vipande vyembamba.