Kozi ya minada kwenye tenda za jeshi: nimeimaliza, maoni yangu haya hapa

Juzi nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya wiki sita, nadharia ya minada na michezo (si ya mpira, ni hesabu za kuamua ukijua mwenzako naye anakupigia hesabu) kwenye manunuzi ya jeshi, nikaona niwaambie kabla hamjatoa hela. Mi kazi yangu ni tenda na miaka yote nilijua kitu kimoja tu, fungua bahasha, wa bei ya chini apewe, tukalale.

Wiki ya pili ndo ilinivua nguo. Kuna gemu, mko wazabuni sita, gharama ya kuunda rada ni ileile kwa wote ila hakuna anayeijua, kila mtu anapewa makadirio yake, ya wengine yako juu, ya wengine chini. Mi nikapewa 84, nikaongeza kafaida kangu nikaandika 92, nikashinda, nikashangilia kabisa, kuja kufunuliwa gharama halisi ni 105! Wenzangu wote waliandika zaidi ya 100. Yaani nimeshinda kwa sababu mimi ndo nimekosea hesabu kuliko wote, wenyewe wanaiita laana ya mshindi, na dawa yake ni kujiuliza kabla hujaandika bei, hivi nikishinda hii, wenzangu watakuwa wameona nini ambacho mi sijaona?

Hapo ndo wanakuletea KC-46, ile ndege ya kujazia wenzake mafuta angani. Boeing alisaini 2011, bei haibadiliki hata kwenye hatua ya kuisanifu, hasara yake mpaka sasa imepita dola bilioni 7. (Kwa mtazamo wangu si laana tupu ile, washindani walikuwa wawili na kila mmoja alikuwa anaangalia mwenzake asipate.) Nilizoea kuona bei isiyobadilika ni kinga ya mnunuzi, kumbe inakinga pochi tu, ndege ikichelewa anayesubiri ni wewe. Somo la Laffont na Tirole, wale wachumi wawili wa Ufaransa, nimelirudia mara tatu, unampa mkandarasi achague mwenyewe kati ya mikataba tofauti, na kwa kuchagua tu anakuonyesha gharama aliyokuwa anakuficha, tamu sana.

Kilichonikera sasa, mnada wa Vickrey, ule wa kushinda kwa bei yako ya chini ila unalipwa bei ya aliyekufuata, wanaufundisha kana kwamba wazabuni wamejaa foleni, wakati kwenye ndege za kivita wako wawili, wanajuana, na ukishampa mmoja miaka kumi ameshakushika koo. Mfano mzuri walikuwa nao, injini za F-16, 1984 jeshi la anga la Marekani liligawa oda kati ya kampuni za GE na Pratt & Whitney badala ya kumtegemea mmoja, wakaupitia dakika nne wakaondoka, jamani! Na kwiz ya wiki ya tano ina jibu la makosa, nimewaandikia mara mbili, kimya.

Nyota nne. Kama hesabu zimeshakutoka kichwani anzia wiki ya pili, ya kwanza ni fomula tupu.