Mashine ya kusafisha hewa, kobe wetu na sigara za mjomba

Mashine hii niliinunua mwezi Juni katika duka moja la vifaa vya umeme pande za Barabara ya Luthuli, kwa shilingi 14,500, baada ya muuzaji kuniapia kwamba hunyonya moshi wote wa sigara chumbani kwa muda wa dakika 20. Sikuinunua kwa ajili ya watu. Kobe wetu, Sultani, hushinda uani hapa South B, Nairobi, lakini baridi ya Juni hadi Agosti humlazimu kuingia sebuleni na kulala chini ya taa ya joto, na mwaka huu sebule hiyo alikuwa amefikia mjomba kutoka Mombasa, aliyekuja kutibiwa macho, naye amevuta sigara tangu ujana wake. (Kabla mtu hajauliza, Sultani ana kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga kobe kiholela.)

Mjomba alipenda kiti cha pembeni, hatua tatu kutoka kwenye sanduku la kobe. Nilipomdokezea habari ya moshi alicheka. “Mwanangu, gamba hili lavunja meno ya fisi. Moshi utamfanya nini?”

Jibu liko chini ya gamba lenyewe. Mapafu ya kobe yamelala mgongoni, yakiwa yameshikamana na gamba la juu, wala hana ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo kama tulio nao sisi. Huvuta pumzi kwa misuli iliyo karibu na miguu yake, na ukimtazama kwa utulivu utaiona miguu ya mbele ikiingia na kutoka kidogo kidogo. Kwa umbile hilo hawezi kukohoa sawasawa, kwa hiyo kamasi na chembe zilizokwisha kuingia hukawia humo. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake husababisha saratani. Kwa paka, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba wanaoishi na wavutaji wana hatari ya saratani ya limfoma zaidi ya mara mbili ya wenzao, na sehemu ya lawama ilielekezwa kwenye tabia yao ya kulamba manyoya yaliyoshika moshi. Kobe halambi manyoya, lakini hula chini, mahali ambapo majivu na nikotini hutua. Siku moja niliokota jani la sukuma wiki alilokuwa amelimega nusu, na juu yake palikuwa na kipande cha jivu chenye ukubwa wa ukucha.

Wiki ya pili ya Julai alianza kutoa mapovu puani na kunyoosha shingo mdomo ukiwa wazi. Daktari wa wanyama alipoifungua boksi niliyombebea, aliinusa taulo kabla hata ya kumgusa kobe, akauliza, “Nani anavuta nyumbani?” Alimchoma sindano ya dawa kwenye mguu wa mbele, akaeleza kwamba kinga ya kobe hulegea mwili wake unapopoa, na kwamba baridi na moshi vikimkuta pamoja, mapafu huvamiwa kwa urahisi. Aliagiza joto lisishuke na sigara itoke nje. Mashine hakuitaja kabisa.

Sasa niitendee mashine haki. Kichujio chake ni cha aina ya HEPA, ambacho kwa kipimo chake hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kazi hiyo inaifanya: ule ukungu wa buluu uliokuwa ukielea chini ya taa ulitoweka, na kichujio kilichokuwa cheupe kikawa na rangi ya chai ya rangi kwa wiki tatu tu. Tatizo ni kwamba moshi si chembe peke yake. Gesi hupita, na kaboni monoksidi hainaswi hata kidogo. Tabaka la mkaa lililowekwa kwa ajili ya harufu ni jembamba mno, na siku ya tano harufu ilikuwa imerudi. Nilipoiweka mezani ilivuta hewa ya juu, ilhali kobe yuko sakafuni. Nilipoishusha sakafuni, upepo wake ulipeperusha joto la taa, na kipimajoto kikashuka kutoka nyuzi 30 hadi 26, jambo baya zaidi kwa kobe mgonjwa. Kitufe cha kutoa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, nilikizima moja kwa moja, kwa sababu vifaa vya namna hiyo huweza kuzalisha ozoni, ambayo nayo huwasha mapafu. Kwa kasi ya tatu hutasikia taarifa ya habari, na kichujio kipya ni shilingi 3,200.

Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, lakini haikufuati sebuleni kwako, wala mpwa hana ubavu wa kumfukuza mjomba wake. Mama ndiye aliyelimaliza: alikibeba kile kiti hadi barazani, akaweka blanketi na birika la kahawa ya tangawizi, kisha akamwita kaka yake. Alikwenda bila neno. Kichujio cha pili, baada ya wiki tatu zilezile, kilikuwa na kijivu cha vumbi tu.

Naipa mashine nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya vumbi. Mwenye kobe, mjusi au nyoka anayeishi na mvutaji asiinunue kabla hajahamisha kiti, na hata akikihamisha, mvutaji anawe mikono kabla ya kumshika mnyama, kwa kuwa nikotini hung'ang'ania ngozi na nguo. Koti la mjomba tulilitundika kwenye msumari nje ya mlango, na lilikaa hapo mpaka aliposafiri mwezi Septemba.