PARI/GP: programu iliyonitenganishia mizizi miwili

Muhula huu niliandika ubaoni x^20 − 2(10x − 1)^2 = 0, nikataka mizizi halisi, yaani thamani za x zinazoifanya kweli. Kijana wangu mmoja aliichora kwenye simu akaniletea mitatu: mmoja hasi, mmoja 0.1, mwingine 1.33 hivi. "Mwalimu, pale 0.1 grafu inagusa mstari tu." Haigusi. Weka 0.1: mabano yanakuwa sifuri, kinabaki 0.1^20, namba chanya. Weka 0.09 au 0.11, unapata hasi. Basi imevuka mara mbili, na mizizi ni minne. Mtego huu ni wa mwanahisabati Mfaransa Maurice Mignotte, naupenda sana.

Ile miwili ya karibu na 0.1 imeachana kiasi gani? Hapo ndipo nilipofungua PARI/GP, programu ya hisabati iliyoanzia Bordeaux miaka ya 1980 kwa Henri Cohen na wenzake. Ni ya bure, kwa kompyuta na hata simu ya Android. Amri ya polsturm, inayohesabu idadi ya mizizi halisi, ikajibu 4 papo hapo. Kisha polrootsreal, inayotoa mizizi yenyewe, ikanipa ile miwili: 0.09999999999293 na 0.10000000000707, na tarakimu nyingine nyingi nyuma yake. Pengo ni 1.41 × 10^−11. Ukikadiria kwa tarakimu kumi baada ya nukta, yote miwili inaonekana kuwa 0.1.

Nikalinganisha na kikomo cha mwanahisabati Kurt Mahler cha mwaka 1964, kinachotumia vizigeu (namba zinazozidisha x) na kipeo tu kukuhakikishia kwamba mizizi tofauti haiwezi kukaribiana zaidi ya kiasi fulani. Kwa vizigeu vyetu kinatoa takriban 10^−58. Kiko mbali mno na pengo lenyewe, lakini ni ahadi isiyovunjika: ukigawa vipande vidogo kuliko hapo, hakuna kipande kitakachobeba mizizi miwili. Hesabu hiyo niliiandika mwenyewe, mstari mmoja.

PARI/GP haina vitufe vya kubonyeza, unaandika amri, na miongozo ni ya Kiingereza. Kwenye simu ndogo, kutafuta alama ya ^ kila mara kunachosha. Pia angalia usahihi: badala ya kipeo 20 weka 80, pengo linakuwa 10^−41 na kidogo, na tarakimu 38 ambazo programu hutumia kwa kawaida hazionyeshi tena tofauti. Andika \p 60 kwanza ili ipate tarakimu 60, kisha rudia amri. Walimu wenzangu wa hisabati, ipakueni kabla ya kufika mada ya mizizi.