Mashine ya matenki mawili na nguo za pamba-poliesta: uzoefu wangu Mtwara

Mashine hii ya kufulia nguo nimeitumia mwaka mmoja na miezi miwili hapa Mtwara mjini, kwa nguo ambazo hazikosekani nyumba yoyote: mashati ya shule, kanzu, suruali za kazini, mashuka, fulana za mtumba. Nyingi kati ya hizo ni pamba iliyochanganywa na poliesta. Maoni yangu ni haya: tenki la kufulia linafua vizuri na kwa upole kuliko vidole na brashi, lakini tenki la kukamulia ndilo linaloziharibu nguo hizi likitumiwa kama wengi wanavyolitumia. Saa yake ina dakika 5, basi mtu anaizungusha mpaka mwisho. Shati la mchanganyiko linataka dakika moja.

Mashine yenyewe ni ya kilo 7 upande wa kufulia na kilo 4.6 upande wa kukamulia. Haina hita. Chapa siitaji kwa sababu mashine za aina hii, hata zikibandikwa majina tofauti, ndani zinafanana: sahani yenye mabawa chini ya tenki la kufulia, mkanda unaoizungusha, mota ya pili chini ya kikapu cha kukamulia, na bomba moja la kutolea maji machafu. Maji unamimina mwenyewe, kwa mpira au kwa ndoo. Kwangu hilo ni sifa. Siku ya mgao wa maji, mashine inayosubiri presha ya bomba inasimama. Hii inakula maji ya pipa au ya mvua bila kulalamika.

Kabla ya kugusa sabuni, angalia lebo. Mashati mengi ya shule na ya ofisini ni poliesta 65 na pamba 35 kwa mia; mashuka mara nyingi ni nusu kwa nusu. Beseni lenye namba 40 linakutajia joto la juu kabisa la maji, mstari chini ya beseni unasema fua taratibu, na pembetatu iliyopigwa alama ya X inakataza jiki. Kwa mtumba uliokatwa lebo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome kwa kiberiti, mbali na nguo. Pamba tupu inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta tupu inayeyuka ikawa punje ngumu nyeusi. Mchanganyiko unafanya yote mawili: unashika moto haraka, kisha kwenye majivu unapapasa vipunje vidogo vigumu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Pamba inakunywa maji. Hata ikiwa kavu kabatini inabeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Ndiyo maana shati la mchanganyiko linawahi kukauka. Lakini poliesta inayoyakataa maji inayapenda mafuta, na mafuta ya shingo na kwapa yanang'ang'ania humo mpaka kola inageuka manjano, na harufu ya jasho inarudi mara tu nguo ikipata joto la mwili. Maji na povu peke yake hayayatoi. Kinachoyatoa ni tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ipakwe kwenye kola na kwapa kwa kidole, ikae dakika 10, ndipo nguo iingie kwenye mashine. Brashi ngumu iache. Inakwangua nyuzi za pamba, zinasokotana vidonge vidogo juu ya kitambaa, na kwa kuwa poliesta ni imara, vidonge hivyo havikatiki vikaanguka kama kwenye pamba tupu. Vinabaki vimening'inia hapo hapo.

Sasa kipimo. Mashine imeandikwa kilo 7, lakini kwa nguo hizi mimi siipi zaidi ya kilo 3. Hiyo ni kama mashati manane ya mtu mzima na suruali tatu. Ukiijaza, nguo hazigeuki, zinasuguana palepale, na zinatoka na mikunjo iliyoshindiliwa. Maji ni ndoo mbili za lita 20, na kidogo juu yake. Sabuni ya unga vijiko vikubwa vitatu, vinne kama nguo zimechafuka sana. Sabuni nyingi za unga madukani zimetengenezwa kwa kufua kwa mkono na zina povu kubwa. Povu likipanda hadi mdomoni mwa tenki, nguo zinaelea juu ya mto wa povu badala ya kusuguana na maji, na baadaye unahitaji suuza nne kulitoa. Yeyusha sabuni kwanza kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, mimina, zungusha dakika moja tenki likiwa na maji matupu, ndipo uweke nguo. Sabuni isiyoyeyuka inakaa kwenye mishono kama chaki, na kwenye suruali nyeusi utaiona kwa mbali.

Sabuni ya mche siipendekezi kwenye mashine, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni hiyo ikikutana na maji magumu inafanya utando wa kijivu usiosuuzika, unashika kwenye kitambaa cheupe na kwenye kuta za tenki. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora kuliko yote kwa nguo nyeupe, ilimradi uache mvua ya kwanza ioshe paa.

Joto: maji ya bomba huku yanatosha kwa ufuaji wa kawaida. Kwa kanzu na mashati meupe yenye mafuta, changanya sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu tano za maji ya bomba, utapata karibu nyuzi 40. Changanyia kwenye ndoo, si ndani ya mashine, kwa kuwa tenki ni la plastiki na maji yanayochemka yanalipinda. Chagua kufua taratibu, dakika 6, baada ya kuloweka dakika 20. Kuloweka usiku kucha hakuongezi usafi; uchafu uliotoka unarudi kwenye nguo, na kwa joto letu maji yanaanza kunuka kabla ya alfajiri. Suuza mara mbili, dakika 2 kila moja. Laini ya nguo, ile ya manukato, nimeiacha kwa vitambaa hivi, maana inaacha utando unaofungia harufu ya jasho ndani ya poliesta.

Kanga mpya, hata ukiambiwa haichuji, isikae na kanzu nyeupe. Taulo nazo zifuliwe peke yake: vinyuzi vyake vinahamia kwenye suruali ya mchanganyiko na kazi ya kuvitoa ni kubwa kuliko kufua upya.

Nirudi kwenye tenki la kukamulia, ambalo wauzaji wengi wanaliita la kukaushia. Halikaushi. Linazungusha nguo kwa kasi na kuyasukuma maji nje kupitia matundu ya kikapu. Maji mengi yanatoka ndani ya sekunde 60 za mwanzo. Dakika zinazofuata zinatoa kidogo sana, lakini muda wote huo nguo inabanwa kwenye ukuta wa kikapu ikiwa imekunjamana. Pamba iliyolowa inapinda kirahisi na inashika umbo inalokaukia. Ndipo unapata ile mikunjo midogo ya nyota mgongoni mwa shati ambayo hata pasi inaipigania. Na kosa kubwa zaidi ni kuondoka na kuziacha humo saa mbili, hasa kama zimefuliwa kwa maji ya moto: poliesta nayo ikipoa imekunjamana inataka pasi ya ziada.

Utaratibu unaonipa nguo karibu hazihitaji pasi: kunja kila shati kwa urefu, lilaze kwenye kikapu likizunguka ukuta, zipange zilingane uzito pande zote. Weka kile kifuniko chembamba cha ndani juu yake, ukikibana chini sawasawa. Dakika moja kwa mashati na kanzu, mbili kwa suruali, tatu kwa mashuka. Dakika 5 ni za taulo na jinzi. Toa papo hapo, shika mabega, kung'uta mara tatu kwa nguvu, nyoosha kola, pindo na mkanda wa vifungo kwa mikono, kisha tundika kwenye henga ya plastiki ukifunga kifungo cha juu. Henga ya waya inaacha kutu. Kamba pia iwe ya nailoni, si waya wa mabati, kwa maana hewa ya bahari inaula waya haraka, na doa la kutu ukilimwagia jiki linazidi kukomaa.

Kuanika kunafuata upepo. Wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, hewa ni kavu na inavuma: shati la mchanganyiko kivulini linakauka ndani ya saa mbili, na mashuka yanataka vibanio vya kutosha. Kaskazi ikiingia na mvua za Desemba kuendelea, hewa imejaa unyevu na nguo ileile inaweza kuchukua nusu siku. Hapo ndipo nguo zinavunda. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya nguo na nguo, geuza za rangi ndani nje, na zikiwa ndani ya nyumba washa feni izipige kwa chini. Wanaokaa karibu na maji, upande wa Shangani au Mikindani, waanue mapema jioni: nguo iliyolala nje inapata chumvi ya bahari, chumvi inavuta unyevu, na asubuhi inanata kama haijakauka. Iliyovunda tayari usiifunike kwa manukato. Iloweke saa moja kwenye maji ya nyuzi 40 yenye unga wa oksijeni wa kuondolea madoa, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 5, kisha fua upya.

Kuna doa moja ambalo maelekezo ya mashine hayalitaji na huku kusini hatuwezi kulikwepa: la bibo, tunda la mkorosho. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, hakuna nyumba Mtwara, Tandahimba au Newala isiyokuwa nalo. Maji ya bibo yakiwa mabichi hayaonekani sana. Yana tanini, na yakipata hewa na sabuni ya mche yanageuka kahawia. Watu wanadhani sabuni imeshindwa kulitoa, kumbe ndiyo iliyolikoleza. Fanya hivi: suuza kwa maji baridi yanayotiririka kutokea upande wa nyuma wa kitambaa, mara tu linapotokea. Kisha sabuni ya maji, halafu uloweke kwenye ule unga wa oksijeni kwa saa mbili. Usilipige pasi na usilianike juani kabla halijatoka. Doa lililokaa wiki nzima, nimeweza kulififisha tu. Jiki isiguse: kwenye mashati yaliyowekewa dawa ya kuzuia mikunjo, klorini inabaki kitambaani na kukigeuza manjano, na pamba inachoka mpaka kwapa linachanika. Na kamwe usichanganye jiki na siki au ndimu. Inatoka gesi ya sumu.

Mafuta ya ganda la korosho ni jambo jingine. Hayo ni mafuta, na pia yanachoma ngozi, hivyo vaa glavu. Yafute kwa kitambaa kikavu, paka sabuni ya vyombo kabla ya maji, acha nusu saa, rudia.

Pasi iwe ya nukta mbili, nguo ikiwa na unyevu kidogo, suruali za rangi nzito ndani nje. Nukta tatu ni ya pamba tupu. Kwenye mchanganyiko inaleta mng'ao usiofutika.

Kasoro za mashine. Maji yanatoka kwa kuteremka yenyewe, kwa hiyo bomba likiinuliwa juu ya kizingiti cha bafu, maji yanabaki chini ya kikapu, kikapu kinazunguka kizito na mota inachemka. Nimeiinua mashine kwa matofali mawili. Imesaidia hilo na pia kuepusha kutu ya bodi. Kikapu kikigonga ukuta, zima, panga nguo upya, usisubiri kitulie. Kichujio cha vinyuzi kisafishwe kila baada ya kufua, la sivyo vinarudi kwenye nguo. Kabla ya kutia mkono kwenye maji, chomoa plagi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni sili ya mpira chini ya kikapu. Ikilika, maji yanashuka taratibu hadi kwenye beringi ya mota, na dalili ya mwanzo ni mlio wa kusaga wakati wa kukamua na tone la maji meusi sakafuni. Fundi anaibadilisha bila shida ikiwahiwa; ikicheleweshwa unanunua mota. Kila mwezi natazama chini kwa tochi. Na nikimaliza kufua naacha mifuniko yote miwili wazi mpaka asubuhi.