Biblia ya kusikiliza kwenye simu, Warumi 7 imenishika

Nimeitumia hii programu ya Biblia ya sauti kama miezi mitatu hivi, naipa nyota nne. Kusoma nilikua nasoma ila kusikia Warumi 7 inasomwa taratibu usiku taa zimezimwa ni kitu kingine kabisa jamani, pale Paulo anaposema lile jema analolitaka halitendi ila baya asilolitaka ndo analitenda, nikasimamisha nikarudisha nyuma nikasikiliza tena maana huyo ndo mimi, Jumapili natubu Jumanne nishadanganya tena, dhamiri inanichoma mpaka usingizi hauji. Na huyo ni mtume, sio mtu aliyeokoka jana! Msomaji hakimbizi maneno, hapo wamepatia sana.

Kasoro yake sura ya 7 ikiisha inazima yenyewe, wakati ya 8 ndo inaanza na hakuna hukumu ya adhabu kwa walio katika Kristo, sasa mtu ameelemewa unamwachaje hapo njiani? Wairekebishe iendelee.

Zaburi 51 nayo imesomwa vizuri, toba ya mfalme Daudi baada ya kuzini na Bathsheba, mke wa mtu, hiyo nimeiwekea alama naisikiliza kila nikilala.