Tiki ya kijani, faili tupu: uzoefu wangu na programu ya kuhamisha faili za simu

Nianze na tiki ya kijani, maana ndiyo iliyoniponza. Ukichomeka simu kwenye kompyuta ya mezani, programu hii inajiwasha yenyewe, inachukua faili mpya, inazipeleka kwenye folda uliyoichagua, inazifuta kwenye simu, halafu inakuwekea tiki. Wewe hugusi kitu. Nililipia leseni kwa ajili ya huko kutogusa kitu, na kwa miezi mingi niliisifia kila aliyekaa karibu nami.

Kazi yangu ni kurekodi mahojiano na kuyanukuu. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka hivi, nilirudi na rekodi kumi na moja. Nikachomeka, tiki ikatokea, nikalala. Kesho yake nafungua ya kwanza, inacheza. Ya pili, inacheza. Ya tano, kimya. Kutazama ukubwa wake: baiti 0. Ya sita hivyo hivyo. Zikawa nne kwa jumla. Majina yake sahihi, zimepangwa mahali pake, na ndani hamna hata kikohozi. Kwenye simu nako hazipo, zilishafutwa.

Moja ya hizo nne ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima aliyenisimulia siku aliyomzika mwanawe. Alilia, akanyamaza muda mrefu, akaendelea. Nirudi kwake nikamwambie nini? Mama, samahani, naomba ulie tena, kompyuta imepoteza? Sikurudi, na sitarudi.

Nilihangaika kuzifufua, wapi. Simu za siku hizi husimba (hufunga kwa siri) kila kinachowekwa ndani yake, kwa hiyo faili ikishafutwa hakuna cha maana cha kuokota. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza yote, nikaambatisha na picha ya folda. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la mistari miwili: mpendwa mteja, tunakushauri uhakikishe faili zako zimefika kabla ya kuzifuta kwenye kifaa. Kabla ya kuzifuta! Nimezifuta mimi? Programu ndiyo iliyofuta, tena ndiyo sifa waliyoniuzia. Nikajibu hivyo. Hawakuandika tena mpaka leo.

Jamani, sikatai kwamba njia ya kebo ina shida zake. Zamani simu ya Android ilionekana kwenye kompyuta kama flashi, ina herufi yake ya diski, na skripti yoyote ya kunakili (orodha ya amri unazoiandikia kompyuta) iliifikia. Ubaya wake, kompyuta ikiishika hifadhi hiyo, simu yenyewe haiwezi kuitumia. Kuanzia Android 3.0, mwaka 2011, simu zikaanza kuhamia kwenye MTP, utaratibu mwingine wa kupitisha faili kwenye kebo, ambapo simu inabaki mwenye mali na kompyuta inakuwa mwombaji: nipe faili hii, sasa nipe hii. Ndiyo sababu ukiandika robocopy, amri ya Windows ya kunakili faili, haioni simu yako, kwa kuwa simu haina herufi ya diski. Na ndiyo sababu kebo ikilegea kidogo ombi linakatikia njiani. Yote hayo nayakubali.

Lakini kabla ya kutuma faili, simu huitajia kompyuta ukubwa wake. Namba iko pale pale! Mtu aliyeandika programu hii alikuwa na namba ya simu mkono huu na faili iliyofika mkono huu, na hakuona haja ya kuzilinganisha kabla ya kufuta. Ni mistari miwili mitatu ya msimbo. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Nikaamua kujiandikia yangu kwa adb, zana ya wasanidi ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta. Unafungua mipangilio ya wasanidi kwa kugonga namba ya toleo mara saba, unawasha utatuzi wa USB, unaikubali kompyuta yako kwenye kioo cha simu (usipokubali utaandikiwa «unauthorized» siku nzima), basi. Skripti yangu inavuta kwa adb pull -a ili tarehe za faili zisibadilike, halafu inaendesha sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya kilichomo ndani ya faili, kwenye simu na kwenye kompyuta. Majibu yakilingana herufi kwa herufi, faili ya simu inafutwa. Yasipolingana, inabaki na jina lake linaandikwa kwenye orodha. Usiku ule wa kwanza ilipomaliza, nilisikiliza rekodi zote mwanzo hadi mwisho, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Furaha hiyo ilinilainisha. Nikaja hapa kwenye ukurasa wa maoni ya programu hii, nikaipa nyota tatu. Nikasema si kila mtu anaweza kuandika skripti, nikasema kwa miezi mingi ilinitumikia vizuri, nikashauri mtu azime tu kile kipengele cha kufuta. Ushauri huo bado ni sahihi kwa aliyekwisha kulipa.

Ila juzi juzi limetoka toleo jipya. Nikasema niwatendee haki, nijaribu. Nikarekodi dakika kumi za ukimya wa chumba changu, nikachomeka simu, na kunakili kulipofika kama nusu nikaichomoa kebo kwa makusudi. Nikairudisha baada ya muda kidogo.

Tiki ya kijani. Nikafungua folda: baiti 0. Nikatazama simu: hakuna kitu.

Nyota mbili nimeziondoa. Hiyo moja iliyobaki ni kwa sababu ukurasa haukubali kutuma bila nyota.