Kashfa ya msasa: adhabu ya ICC au ya Australia?

Machi 2018, uwanjani Newlands, Cape Town, kwenye mechi ya kriketi, kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia na kipande cha msasa cha kukwangulia mpira, akakisokomeza ndani ya suruali. ICC, baraza la kriketi duniani, ilimfungia nahodha wake Steve Smith mechi moja na kumkata ada yote ya mechi. Bancroft alikatwa asilimia 75, asifungiwe. Kiduchu mno! Cricket Australia, chama cha kriketi cha nchi yao, ikaja na rungu: Smith na makamu wake David Warner wafungiwe miezi 12, Bancroft miezi 9. Tusidanganyane, hasira za mashabiki zilichangia. Mimi nachagua ICC, ila ile ya Julai 2018, ilipopandisha kikomo cha adhabu ya kuchezea mpira hivyo hadi kufungiwa mechi 6 za siku tano. Ni kali, na mchezaji anaijua kabla hajaingia uwanjani.